Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutengeneza Mahitaji ya Nyumbani Lubumbashi kwa Kufuata Majira

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi na majirani na wageni wanaoona vipande vya sabuni vikikauka kwenye rafu ya jikoni kwangu, bidoni (madumu) za maharagwe zilizojazwa hadi shingoni, na madonge ya vumbi la makala, yaani mkaa wa kupikia, yaliyoanikwa uani. Nimeyajibu kwa kadiri ya kazi ninayoifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Kwa vitu ambavyo sivitengenezi, nimeeleza sababu.

Kwa nini kila kazi unaipangia majira yake? Sabuni si sabuni tu, hata ikitengenezwa mwezi wowote?

Lubumbashi imekaa juu ya uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na mwaka wake umegawanyika waziwazi kuliko wa miji mingi ya Kongo. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi, kiangazi hushika kuanzia Mei hadi Septemba, na miezi ya Aprili na Oktoba ni milango ya kutokea upande mmoja na kuingilia upande wa pili. Kiangazi chenyewe kina nusu mbili zisizofanana: Juni na Julai ni miezi ya baridi, ambapo usiku kipimajoto huweza kushuka chini ya digrii 10, ilhali Agosti na Septemba huleta vumbi na upepo, na joto linafuata Oktoba.

Ugumu wetu uko hapa: mboga, uyoga na matunda ya porini huja kwa wingi wakati hewa imejaa maji na hakuna kinachokauka, na hewa inapokuwa kavu vya kutosha, vitu vya kukausha vimekwisha kuadimika sokoni. Ndiyo maana kwangu Aprili na Mei ni miezi yenye kazi nyingi kuliko yote, kwa sababu ndiyo miezi michache ambayo wingi wa mavuno na ukavu wa hewa hukutana. Sabuni nayo hufuata hesabu hiyohiyo. Ile niliyoimwaga Juni hukauka na kuwa ngumu kwa wiki nne, na ile ya Januari huweza kukaa wiki nane na bado ikabonyea kidole kinapoigusa.

Je, kujitengenezea kunapunguza matumizi ya fedha kweli?

Si mara zote, na ningependa jambo hili lisemwe mapema. Sabuni ya kipande hupunguza gharama pale tu unaponunua mawese kwa bidoni nzima wakati bei iko chini. Ukinunua kwa chupa mojamoja sokoni, hesabu haitakusaidia. Marhamu ya nta na mafuta ya kupaka ngozi hupunguza kidogo. Dawa ya meno haipunguzi chochote, tena ile ya nyumbani haina floridi inayolinda meno, kwa hiyo siitengenezi. Mahali ambapo nimeona fedha ikibaki mfukoni ni kwenye makala na kwenye nafaka isiyoliwa na wadudu, yaani mambo mawili ambayo watu huyauliza mwisho, baada ya sabuni.

Naomba vipimo kamili vya sabuni ya mawese.

Kwa kilo 1 ya mawese yaliyoyeyushwa na kuchujwa kwa kitambaa, soda kostiki safi inayohitajika ili mafuta yote yageuke kuwa sabuni ni takriban gramu 141. Mimi natumia gramu 134, yaani pungufu kwa asilimia 5, ili kibaki kiasi kidogo cha mafuta ambacho soda haikukipata. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia sabuni isiikwaruze ngozi. Maji ni gramu 320. Vyote vitatu hupimwa kwa mizani, pamoja na maji, wala havipimwi kwa kijiko, kwa glasi wala kwa kukadiria. Uzito huo ni wa mawese peke yake: mafuta ya kiini cha mbegu ya chikichi hudai soda nyingi zaidi, na mafuta mengine kila moja lina kiasi chake, hivyo mtu asibadilishe mafuta akaacha soda ileile.

Soda kostiki huunguza ngozi na huweza kupofua macho. Vaa glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu, fanyia kazi nje au mlangoni penye upepo, na watoto wawe mbali, si nyuma yako. Soda ndiyo inayomiminwa ndani ya maji kidogokidogo huku ukikoroga. Maji yakimiminwa juu ya soda, huchemka ghafla na kurukia usoni. Mchanganyiko utapanda joto wenyewe bila moto, wakati mwingine kupita digrii 80, na utatoa mvuke usiofaa kuvutwa. Uache upoe hadi uwe wa uvuguvugu, kisha umimine polepole ndani ya mawese yaliyo na uvuguvugu uleule, na ukoroge mpaka uji uwe mzito kiasi kwamba tone likidondoshwa juu yake linaacha alama kabla ya kuzama. Kwa mwiko kazi hiyo inaweza kuchukua zaidi ya nusu saa. Mimina kwenye sanduku la mbao lililotandikwa plastiki, funika, kata baada ya siku moja au mbili, kisha panga vipande kwa nafasi mahali penye hewa kwa muda usiopungua wiki nne.

Jambo ambalo hapa kwetu husahaulika ni chombo. Sufuria nyingi za Lubumbashi ni za alumini ya kuyeyushwa, na soda kostiki huila alumini huku ikitoa gesi ya hidrojeni inayoshika moto. Tumia chombo cha inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, au ndoo ya plastiki nzito, na uitenge kwa kazi hiyo tu.

Soda ikikurukia, osha mahali hapo kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, ukivua nguo iliyolowa. Usipake siki, wala mafuta, wala ndimu. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo huku mtu mwingine akitafuta njia ya kwenda hospitali. Mtoto akiimeza, asitapishwe. Apelekwe hospitali papo hapo.

Sabuni yangu inachoma mikono. Nilikosea wapi?

Karibu kila mara kosa liko kwenye kupima. Sabuni yangu ya kwanza niliitengeneza kwa maelekezo ya mdomo, "vijiko saba vya soda kwa chupa tatu za mafuta", na mdogo wangu aliyeitumia kuoshea vyombo alikaa siku mbili na vidole vyekundu vilivyovimba. Kijiko cha soda ya chengachenga na kijiko cha soda ya unga havina uzito mmoja, na chupa ya mawese yaliyoganda ya mwezi wa Julai haina uzito wa chupa iliyojaa mawese yaliyoyeyuka ya Oktoba. Sabuni ya namna hiyo hairekebishwi kwa kusubiri. Usiitumie kwa ngozi.

Mambo mawili huwatisha watu bure. Unga mweupe mwembamba unaojitokeza juu ya kipande kwa kawaida ni soda ya uso tu iliyokutana na hewa ikageuka magadi, na hufutika kwa kitambaa chenye maji. Matone kama jasho katika mwezi wa Januari ni gliserini iliyomo ndani ya sabuni ikivuta unyevu wa hewa. Rangi ya machungwa, ambayo wengine hujaribu kuiondoa kwa kuyachoma mawese mpaka yafuke moshi, mimi naiacha kama ilivyo, kwa kuwa mafuta yaliyofikia hatua ya kufuka moshi yako hatua chache tu kutoka kushika moto.

Bibi zetu walitumia majivu. Je, siwezi kuiepuka soda kostiki kabisa?

Unaweza, ila utapata sabuni ya namna nyingine. Maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya ndizi au ya kuni yana potasi, na potasi hutoa sabuni laini kama uji mzito, si kipande. Nguvu ya maji hayo hubadilika kwa kila rundo la majivu, kwa hiyo huwezi kujua kama umezidisha au umepunguza. Sabuni hiyo inafaa kufulia na kuoshea sufuria, ila siiweki kwenye ngozi ya mtoto. Majivu yenyewe, yakiwa makavu na yaliyochekechwa, ni dawa nzuri ya kusugulia sufuria za chuma na inoksi. Sufuria za alumini zikilowekwa nayo hugeuka nyeusi. Yasiwe majivu ya mbao zilizopakwa rangi, wala ya jiko ambamo watu wamechoma plastiki ili kuwasha moto.

Na sabuni ya maji, ile ya rangi ya kijani inayouzwa kwenye chupa zilizokwisha tumika?

Nyingi kati ya hizo hutengenezwa kwa asidi ya sulfoniki iliyopozwa kwa soda, kisha ikaongezwa chumvi na rangi. Ni kazi halali na watu wengi wanaishi kwayo, lakini inadai kupima ukali wa mchanganyiko kabla ya kuuza, na mimi sina vifaa hivyo. Ninachofanya ni kukwaruza gramu 100 za sabuni yangu iliyokauka na kuiyeyusha ndani ya lita 1 na nusu ya maji ya moto. Kesho yake inakuwa kama ute, na inatosha kwa vyombo. Neno moja zaidi: sabuni, javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na kuua vijidudu) au mafuta ya taa visikae kamwe ndani ya chupa ya soda ya kunywa.

Je, javeli ikichanganywa na siki husafisha zaidi?

Hapana, na usijaribu hata mara moja. Javeli ikikutana na siki, ndimu au asidi nyingine yoyote hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu vilevile. Chooni, ambamo mkojo una amonia yake, mwaga maji mengi kwanza. Javeli inatosha yenyewe. Iliyo na nguvu ya asilimia 5, sehemu moja ikiwekwa katika sehemu tisa za maji, hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.5 unaoua vijidudu sakafuni na kwenye meza, ilimradi uchafu unaoonekana umeoshwa kwa sabuni kabla. Tengeneza wa siku moja tu, kwa kuwa joto na mwanga huimaliza nguvu, na javeli ya chupa nyeupe iliyosimama juani sokoni tangu Agosti huenda imebaki harufu.

Nikiwa hapo hapo: siki na bikaboneti vikimwagwa pamoja hufanya povu la kupendeza, kisha hubaki maji yenye chumvi. Kila kimoja husafisha kikiwa peke yake.

Siki ya maganda ya nanasi hutengenezwaje?

Osha nanasi kabla ya kulimenya. Weka maganda kwenye mtungi wa kioo, ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa na vijiko vinne vya sukari kwa lita, funika kwa kitambaa kilichofungwa kwa uzi ili hewa ipite na nzi wasipite. Kwanza sukari hugeuka pombe, na hiyo huchukua takriban wiki moja. Chuja, kisha uache maji peke yake kwa wiki tatu au nne ili pombe igeuke siki, jambo ambalo halitokei bila hewa. Mwezi wa Oktoba inakwenda mbio, na Julai hulala. Ikiota ukungu wa rangi ya kijani au mweusi, mwaga. Naitumia kwa madirisha na kwa kuondoa magamba meupe ndani ya birika, lakini siiwekei achari, kwa sababu ukali wake haupimwi, na siimwagi kwenye sakafu ya sementi, kwa sababu asidi huila sementi.

Usiku wa Juni ni baridi sana. Je, mbabula, yaani jiko la makala, ikishaacha kutoa moshi naweza kuiingiza chumbani?

Hapana. Naomba jibu hili lisomwe na kila mtu nyumbani, hata yule ambaye hana haja na sabuni.

Makala yanayowaka yakiwa mekundu bila moshi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu wala haikereketi koo. Kutokuwapo kwa moshi, ambako watu hukuona kuwa ndiyo dalili ya usalama, hakuhusiani na gesi hiyo. Ikiingia mwilini hushika damu mahali pa oksijeni, na mtu aliyelala hupita kutoka usingizini hadi kwenye kupoteza fahamu bila kuamka. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi, na mbabula iliyofunikwa majivu ili "itunze joto" ndiyo hatari ya usiku kucha. Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea kwa watu wawili au watatu kwa wakati mmoja ndani ya chumba chenye makala ni ishara ya kutoka nje mara moja na kwenda hospitali.

Kwetu tunajaza maji ya moto kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, tunaifunga kwa kitenge na kuiweka chini ya blanketi miguuni dakika chache kabla ya kulala. Matofali yaliyowekwa pembeni mwa moto wa jioni, kisha yakafungwa kwa gunia, nayo hufanya kazi hiyo, ingawa ni mazito na mtoto wangu mmoja hayapendi.

Makala yamepanda bei. Tufanyeje?

Karibu makala yote ya mji huu hutoka kwenye misitu ya miombo inayouzunguka, na kadiri miti inavyorudi mbali ndivyo gunia linavyosafiri zaidi. Nina njia mbili.

Ya kwanza ni kikapu cha joto. Kwa mwinuko wetu maji huchemka yakiwa na digrii 96 hivi, si 100, kwa hiyo maharagwe ya hapa huchukua muda mrefu kuliko yale yanayopikwa pwani, na muda huo wote ni makala. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu nusu saa, kisha funika sufuria, izungushie mablanketi mawili ndani ya katoni au kikapu, uiache saa tatu au nne. Maharagwe yatajipika kwa joto lake. Yarudishe motoni yachemke kabla ya kuunga. Ile nusu saa ya mwanzo isipunguzwe, hasa kwa maharagwe mekundu, ambayo yakipikwa kwa joto dogo tu huumiza tumbo.

Ya pili ni vumbi linalobaki chini ya gunia. Lichekeche, pika uji mzito wa unga wa muhogo, unga kilo 1 kwa vumbi kilo 10, changanya mpaka donge likibanwa mkononi lisivunjike, kisha lishindilie ndani ya mkebe uliokatwa na ulitoe. Julai na Agosti madonge hukauka kwa siku tano au sita. Novemba usijisumbue, maana huota ukungu. Huwaka taratibu na kuacha majivu mengi, hivyo hayafai kuwashia, lakini yakiwekwa juu ya makala yaliyokwisha kushika huivisha sombe (majani ya muhogo) mpaka mwisho.

Visigino na midomo hupasuka kila kiangazi. Kuna dawa ya nyumbani?

Kuna ya kuzuia. Nta safi ya nyuki gramu 20 na mafuta ya alizeti gramu 100 viyeyushwe ndani ya bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, kwa kuwa nta huyeyuka kwenye digrii 63 hivi na haitakiwi kuguswa na moto wenyewe. Mimina kwenye kikopo kikavu. Paka usiku baada ya kuosha miguu, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, kisha vaa soksi. Nta hupatikana kwa wauzaji wa asali; huja na vipande vya masega na nyuki waliokufa, nawe utaiyeyusha ndani ya maji na kuichuja kwa kitambaa ambacho hutakitumia tena kwa kazi nyingine. Mafuta ya karanga siyatumii, kwa sababu wako wasioyavumilia. Marhamu ikinuka kama mafuta yaliyochacha, itupe, na mpasuko unaotoa damu au usaha uonwe na muuguzi.

Je, vumbi la Agosti lina madhara zaidi ya kuchafua nyumba?

Huu ni mji wa shaba, na udongo wa baadhi ya mitaa iliyo upande wa upepo wa tanuru la zamani umebeba shaba, risasi na kadimiamu. Kwa sababu hiyo sifagii vumbi kavu: nanyunyiza maji kwanza, na ndani napangusa kwa kitambaa kilicholoa. Watoto huosha mikono kabla ya kula hata kama hawakutoka uani. Matembele na lengalenga naziosha kwa maji matatu, nikizizamisha na kuziinua ili mchanga ubaki chini. Kuosha huondoa vumbi lililotua juu ya jani, ila hakuondoi kile ambacho mzizi umekinywa, kwa hiyo bustani iliyo karibu na tanuru au na mabaki ya migodi ni heri ipandwe maua.

Mboga za majani na uyoga hukaushwaje bila kuoza wala kupauka?

Subiri mvua za mwisho za Aprili zipite. Majani yaoshwe, yatumbukizwe ndani ya maji yanayochemka kwa dakika mbili, yachujwe, na yatandazwe kwa utando mmoja juu ya chandarua kilichotandikwa kwenye fremu ya mbao, chini ya kivuli chenye upepo. Jua kali hukausha haraka lakini huharibu vitamini A na kuacha majani ya rangi ya nyasi. Yakivunjika kwa mlio yakishikwa, yamekauka. Yafunge kwenye chombo kisichopitisha hewa na uyaweke gizani.

Uyoga, ambao sokoni tunauita bowa, huja katikati ya mvua, na humo kuna ule wa vichuguuni ambao kofia yake huweza kukaribia upana wa mita moja. Kwa kuwa hewa ya Januari haikaushi, nauchana vipande vyembamba na kuuning'iniza juu ya mbabula, nje barazani, nikiugeuza siku mbili. Nanunua kwa mama yuleyule miaka yote. Kuokota mwenyewe bila kufundishwa na anayeujua msitu siwezi kumshauri mtu yeyote, na zile kanuni za kijiko cha fedha au kitunguu kinachogeuka rangi ni za uongo.

Mahindi na maharagwe yangu hutobolewa kabla ya Desemba.

Kwanza hakikisha yamekauka. Weka konzi mbili za punje ndani ya chupa kavu pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, acha kidogo, utazame: chumvi ikinata kwenye kioo, punje bado zina maji, zirudishe juani. Baada ya hapo jaza bidoni kavu mpaka shingoni, ukiigonga chini ili punje zishikane, na ufunge kwa nguvu. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa. Bidoni iliyojaa nusu ina hewa ya kuwalisha wiki nyingi, na kuifungua kila jioni kuchota kikombe ni kuwafungulia dirisha, kwa hiyo tenga bidoni moja ndogo ya matumizi ya wiki.

Punje zenye ukungu, na karanga zilizonyauka au kubadilika rangi, hazisagwi wala hazipewi kuku. Sumu ya ukungu huo haifi kwa kupikwa, na bukari (ugali) ya unga huo itakuwa nayo.

Kwa nini unapiga pasi hata nepi na mashuka wakati wa mvua?

Kwa sababu ya nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wenye unyevu, na funza wake hujichimbia chini ya ngozi na kufanya uvimbe kama jipu. Pasi ya moto, ya umeme au ya makala, ikipita pande zote mbili na hasa kwenye mishono, huyaua. Nguo zisianikwe kwenye majani wala ukutani.

Mchaichai unatosha kufukuza mbu?

Hautoshi. Harufu yake huwasumbua kwa muda mfupi, kisha hurudi, na moshi wa majani chumbani ni mbaya kwa kifua. Tunalala ndani ya chandarua, na kila Jumamosi tunamwaga maji ya matairi, makopo na visahani vya maua, kwa kuwa yai la mbu huhitaji wiki moja au siku kumi tu hivi kuwa mbu anayeruka.

Umeme ukikatika na makala yakiwa haba, maji ya kunywa tunayasafishaje?

Kiangazi, jua linaweza kuifanya kazi hiyo. Maji maangavu, yaliyochujwa ikiwa yana tope, yajazwe kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi zisizozidi lita 2, zilazwe juu ya bati kwa saa 6 za jua kamili. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, siku mbili mfululizo. Kuanzia Novemba siliamini jua: nachemsha mpaka maji yaruke kwa dakika moja nzima, na nayaacha yapoe katika chombo kilekile chenye kifuniko.

Nimehamia Lubumbashi mwezi wa Agosti. Nianze na lipi?

Agosti umechelewa kwa mboga, nazo zitasubiri Aprili. Nunua mizani inayoonyesha gramu moja moja kabla ya kununua soda. Kausha madonge ya vumbi la makala sasa, mengi kadiri yanavyoweza kukaa mahali pasipovuja, na umwage sabuni yako kabla ya Septemba kwisha, ili matone ya kwanza yakigonga bati iwe imekwisha kukaa wiki zake rafuni.